Stendi Haikuuguzii Mgonjwa

Makala fulani inamshauri mtu wa Manga, upande wa Kisii, anayekwenda Nairobi mwezi mzima kumuuguza mgonjwa Hospitali ya Kenyatta achukue lojingi River Road: ni nafuu, ni karibu na mabasi, na chumba ni cha kulala tu.

Karibu na mabasi! Basi la Kisii utalipanda siku ya kuja na siku ya kurudi. Hospitali utaiendea kila siku, nayo iko Upper Hill, ng'ambo ya msongamano wote wa katikati ya jiji.

Eti cha kulala tu. Kwanza, nani hulala River Road, baa ikivuma chini ya dirisha mpaka alfajiri? Pili, anayekaa siku 30 anafua, anampikia mgonjwa uji wa wimbi, anapokea mashangazi waliokuja kumjulia hali. Lojingi itakupa patipati, kipande cha sabuni na amri ya kutoka saa nne asubuhi. Nguo utaanika wapi, kwenye kitasa?

Hiyo nafuu izidishe mara 30, ongeza chakula cha kununua, kisha kaulizie bedsita yenye jiko upande wa Kenyatta Market, ambako wodini unakwenda kwa miguu. Au nyumba ya wageni ya Kanisa la Anglikana, Bishops Road. Ila uliza bei ya mwezi, si ya usiku.