Maarifa ya Shamba: Kigoga Kiotacho Penye Majivu

Mchoma makaa akiisha kuondoa magunia yake, mahali pa tanuri hubaki peusi, wala hapaoti majani kwa muda. Baada ya mvua huonekana pale zulia la kijani, na juu yake nyuzi nyembamba za rangi ya dhahabu. Mwenye shamba hudhani ni uchafu, akatwaa jembe akapakwangua. Kufanya hivyo mteremkoni ni kujitafutia hasara, kwa maana kigoga hicho ndicho kinachoushika udongo uliokosa mizizi, usichukuliwe na maji, mpaka mimea mingine ipate kurudi.

Wataalamu hukiita Funaria hygrometrica, nacho huota karibu duniani kote. Kukitambua si kazi ngumu, ila ni lazima mtu akubali kupiga magoti. Shina lake ni fupi, kwa kawaida halizidi sentimita 1, na majani ya juu hukusanyika pamoja mfano wa kitunguu kidogo. Katikati hutoka uzi wa sentimita 2 hata 5, wenye kifuko kichwani. Kifuko hicho kimepinda upande mmoja, nacho kikikomaa na kukauka huwa na rangi ya hudhurungi na mifereji midogo. Ndani yake mna chembe za uzazi, laini kama vumbi, zinazopeperushwa na upepo.

Wengi hukichanganya na Bryum argenteum, kiotacho katika nyufa za saruji na kando ya barabara. Lakini hicho kikikauka hung'aa kama fedha, na kifuko chake huning'inia kikielekea chini.

Mtu akiwa bado na shaka, na atwae uzi mmoja mkavu autie maji kidogo. Uzi wa Funaria ukikauka hujisokota kama kamba. Ukilowa hujisokotoa, na kifuko kikazunguka mbele ya macho yake. Ndiyo maana ya jina lake: Funaria latokana na neno la Kilatini la kamba, na hygrometrica ni kipima unyevu.

Kitaluni mambo ni mengine. Huko kigoga huweza kuifunika miche michanga na kuushindia maji, basi kiondolewe kwa vidole, taratibu. Lakini penye tanuri la zamani kiachwe; mimea mirefu ikirudi, chenyewe hutoweka.