Timu ya mfuko mmoja

Tajiri akileta mpira mtaani, wote wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza: siku tajiri akihama, timu itabaki na nani?

Lubumbashi inayo sehemu ya jibu. Mfanyabiashara Moïse Katumbi, aliyekuwa pia gavana wa Katanga, ni raisi wa TP Mazembe tangu 1997. Si yeye aliyeianzisha, maana timu ilizaliwa mwaka wa 1939, lakini mapenzi yake na feza zake viliiinua. Mazembe ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015. Mwaka wa 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, ikafungwa 3-0 na Inter ya Milan.

Lakini vikombe si jambo kubwa zaidi. Mwaka wa 2011 timu ilifungua uwanja wake kule Kamalondo, kisha ikaja shule ya mpira ya watoto. Katumbi alitoka nchini 2016 kwa mambo ya siasa, akarudi 2019. Katika muda huo Mazembe ilichukua Kombe la Shirikisho la Afrika mara mbili, 2016 na 2017. Bwana mkubwa alikuwa mbali, nyumba haikuanguka.

Mitaani kwetu na katika kambi za wakimbizi wa ndani, mambo ni mengine. Mwenye duka mmoja ananunua jezi na mipira, analipa gari la kwenda mechi. Vita ikifika na duka likiporwa, timu inakufa siku ileile. Vijana wanabaki wameketi bure, na wanaokuja kuwatafuta vijana wa namna hiyo, kila mzazi anawajua.

Wengine watasema anayetoa feza ndiye anaamuru. Ni kweli kwamba bila yeye mpira haungekuwepo, na anastahili shukrani. Lakini anayeipenda timu kweli anaitayarisha kuishi bila yeye. Iwepo kamati inayochaguliwa, daftari la feza linalosomwa mbele ya wote, na mchango wa kila mpenzi, hata kama ni franga kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Jezi zikae kwa mtaa, si nyuma ya duka.

Familia iliyokimbia haiwezi kubeba uwanja kichwani. Kamati, daftari na umoja wa vijana vinabebeka.