Faini ya WhatsApp si hukumu

Wasee, kuna ugonjwa umeingia kwa maesteti yetu mapya, kuanzia Kitui mjini na Wote mpaka kule Mlolongo na Syokimau ambako watu wetu wengi wamenunua nyumba. Unaamka asubuhi, unafungua simu, unapata mwenyekiti ameandika kwa grupu ya WhatsApp: nyumba namba fulani, faini elfu tano, nguo zimeonekana kwa balkoni. Hakuna aliyekuuliza kitu, hakuna kikao kilichofanyika. Usipolipa kufikia Ijumaa, maji yanafungwa ama askari wa geti anaambiwa asikufungulie.

Na watu wanalipa! Hiyo ndiyo inaniuma. Mtu amehangaika na mkopo wa sacco miaka na miaka ndio apate nyumba, halafu anatetemeka mbele ya mzee mmoja mwenye simu na muda mwingi.

Swali la kwanza ni rahisi: hiyo elfu tano imeandikwa wapi? Kama uko kwa fleti, angalia lizi uliyotia sahihi na kanuni za wamiliki. Haimo? Basi mwenyekiti ameitoa kichwani. Na kama ni ploti yako yenye hati yako mwenyewe, tuseme kule Emali, na majirani wameunda chama, Katiba kifungu cha 36 inasema mtu hawezi kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Faini ya chama ambacho hujaingia inakuhusu vipi?

Kuna Sectional Properties Act ya 2020, sheria ya wenye fleti. Ukishakuwa mmiliki, wewe ni mwanachama wa shirika la wamiliki, una kura. Kamati ni wafanyakazi wako, kama hujui. Sheria hiyo inasema pia kwamba kanuni za shirika haziwezi kukuzuia kuuza au kukodisha nyumba yako. Kwa hivyo ile "hapa hatukodishii mabachela" ni kelele tu.

Halafu kuna kusikilizwa. Fair Administrative Action Act ya 2015 haigusi serikali peke yake. Anayetoa uamuzi unaogusa haki zako anafaa kukupa notisi, nafasi ya kujitetea na sababu. Mama zetu kwa mwethya walikuwa na faini pia, lakini mtu akikosa siku ya kuchimba matuta, kwanza anaulizwa: ulikuwa mgonjwa? Ulifiwa? Kikundi cha kijijini kinajua kuuliza, kamati yenye digrii imeshindwa.

Lakini hii ya kufunga maji ndiyo siwezi kuvumilia. Jameni, maji! Sisi watu wa Ukambani, ambao nyanya zetu walikuwa wanaamka usiku kwenda kufukua mchanga wa Tiva na Kaiti wapate mtungi mmoja, leo tunafungiana mfereji kwa sababu ya shuka iliyoanikwa? Katiba kifungu cha 43 imetaja maji kama haki ya kila mtu. Mtoto wa miaka miwili aliye kwa hiyo nyumba hakuanika chochote.

Sasa usinielewe vibaya. Ada ya ulinzi, taka na taa za ngazi, lipa. Kuna watu wanajificha nyuma ya "haki zangu" na hawajalipa tangu Januari, hao siwatetei. Lipa ada kivyake, weka risiti, halafu pinga faini kwa maandishi, si kwa matusi ya saa sita usiku kwa grupu. Omba wakuonyeshe kanuni waliyotumia na uitishe kusikilizwa. Sheria ya 2020 inaruhusu shirika kuunda kamati ya ndani ya kutatua migogoro, na si lazima hakimu awe yule yule aliyekupiga faini. Ikikwama, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Makueni na iko Kitui. Ukidai pesa ulizolipishwa bure, zisizozidi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, na huko unaweza kujisimamia bila wakili.

Mwenyekiti, najua unasoma hii. Heshima yako iko pale pale, mzee. Lakini leo jioni weka kwa grupu kanuni, kumbukumbu za kikao kilichozipitisha, na hesabu ya faini zote mlizokusanya mwaka huu na mahali zilienda. Tunangoja.