Mji Unasogezwa Mbali Nasi

Sisi wa Ngamiani, hapa Tanga, mitaa yetu ina namba. Barabara ya tano, ya nane, ya kumi na mbili. Mgeni ukimtajia namba, hapotei. Humo utakuta nyumba ya Mdigo imepakana na ya Msambaa, ng'ambo yao Mmakonde ambaye babu yake alikuja kukata mkonge enzi za manamba, na pale kona duka la Mhindi lililotukopesha sukari tangu utotoni. Ukiingia msiba hakuna anayeuliza dini. Turubai linafungwa, mabenchi yanaazimwa, wanawake wanakuja na vijiko vyao vya kupikia. Kuishi pamoja hakujatushinda, na wala hatukulalamikii.

Tunacholalamikia ni hiki: mji huu ni wa miguu na baiskeli, na kila tunachokihitaji kinazidi kusogezwa mbali nasi.

Chukua stendi. Zamani ukishuka kwenye basi la Dar ulikuwa umeshafika. Unajitwika mzigo, unavuka barabara mbili tatu, unapiga hodi. Siku hizi mabasi ya mikoani yanaishia Kange, nje kabisa ya mji. Mchana si neno, daladala zipo. Lakini basi likiharibika njiani ukaingia saa sita za usiku, una mtoto mgongoni na begi mkononi, mwenye bajaji anakutajia bei anayoitaka, maana anajua huna pa kwenda. Jirani yetu mmoja alikaa kwenye benchi la stendi mpaka alfajiri, anatoka kumuuguza mamake, kwa sababu pesa iliyobaki ilikuwa ya dawa. Huyo ni mtu mzima, ana wajukuu. Tuliona haya kwa niaba ya mji mzima.

Halafu reli. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianzia hapahapa Tanga. Wajerumani waliianza 1893, na kufikia 1911 ilikuwa imegusa Moshi. Mwaka 2019 treni ya abiria ilipofufuliwa kutoka Dar kwenda Moshi, tulishangilia. Ikapita Korogwe ikaenda zake. Mtu wa Tanga akitaka kuipanda, apande kwanza basi kuifuata.

Na bahari, jamani, bahari! Tumezaliwa tukisikia harufu yake. Lakini kule Raskazone geti linafuatana na geti, na kwa baba mwenye watoto watano kiingilio cha Jumapili ni bei ya kitoweo cha siku mbili. Watoto wa barabara ya ishirini wanaogelea kwenye madimbwi ya masika, kwenye maji yaleyale yaliyofurika kutoka mitaroni. Wakiumwa matumbo tunajua sababu. Mitaro tunazibua wenyewe kila mwaka, majembe tunachangishana, lakini taka tulizozitoa zinaachwa pembeni mpaka mvua izirudishe.

Tuliambiwa jiji tangu 2005, tukafurahi. Sasa tunaambiwa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni kwetu Chongoleani. Tunalitakia heri. Ila vijana wetu wenye vyeti vya kuchomelea wamezungusha barua za maombi mpaka bahasha zimechakaa, na wengi wameshapanda basi kwenda kubeba mizigo Kariakoo. Wanaobaki ni wazee na baiskeli zao, wanaosukumwa pembezoni na malori, maana hakuna aliyewatengea hata njia ya futi tatu.

Watu wa mbali wakiitaja Tanga husema mahaba, khanga, na kwamba mgeni akija haondoki. Maneno matamu. Sisi tungependa kwanza anayeondoka aweze kurudi usiku na kufika kwake. Daladala mbili za usiku kutoka Kange zingetosha kwa kuanzia, na zipite barabara ya ishirini.