Tromboni ya Kale Isiyojulikana: Namna ya Kuitambua Asili Yake

Vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo husemwa juu ya vyombo vya baharini, lakini yafaa pia kwa kila kitu kilichopita mikononi mwa fundi stadi, na tromboni ni kimojawapo. Ziko nyumba ambazo uvunguni mwa kitanda mna sanduku lenye tarumbeta ndefu ya kusukumwa, iliyoachwa na babu aliyekuwa mpigaji wa bendi ya askari, ya beni au ya kanisa. Wajukuu hawajui ni ya nani wala ilitoka wapi. Hatimaye mnunuzi wa vyuma chakavu hubisha hodi, huipima kwa mizani, na kilo mbili za shaba hubadilishwa kwa fedha isiyomaliza juma. Kabla ya kukubali mapatano ya namna hiyo, yawapasa wenye nyumba waijue kwanza mali waliyo nayo.

Si ajabu ala hizo kupatikana katika nchi zetu. Ngoma ya beni ilizuka pwani katika miaka ya 1890, na wachezaji wake waliiga bendi za kijeshi kwa mavazi, kwa vyeo na kwa ala. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya, lilikuwa na bendi zake. Makanisa ya Moravian na ya Kilutheri yalikuja na desturi ya Kijerumani ya kumwimbia Mungu kwa vyombo vya shaba. Kwa hiyo tromboni iliyomo sandukuni yaweza kuwa ya Uingereza au ya Ujerumani. Yaweza pia kuwa ya Marekani, au ya Meerut, mji wa India ulio mashuhuri kwa kutengeneza ala za bendi.

Jambo la kwanza ni kutoisugua. Majivu, mchanga na ndimu hung'arisha shaba, lakini hula pia maandishi yaliyochongwa, nayo maandishi hayo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Maji ya vuguvugu na sabuni laini yatosha. Maji ya moto yasitumiwe, kwani hubambua vanishi. Kutu ya kijani iliyo ndani ya mirija iondolewe kabla ya mtu yeyote kutia mdomo na kupuliza.

Baada ya hapo maandishi yatafutwe. Kwa kawaida huwa ubavuni mwa mdomo mpana, na namba huwa karibu na mahali ambapo mrija wa kusukuma huungana na sehemu ya mdomo. Yakiwa yamefifia, tromboni ishikwe karibu na dirisha ili mwanga uiangukie kwa upande, au karatasi nyembamba iwekwe juu yake na kupakwa penseli polepole. Herufi zilizokwisha kupotea machoni mara nyingi hujitokeza katika karatasi.

Jina la mji laweza kueleza mengi kuliko jina la mtu. Mfano ulio wazi ni tromboni za Vincent Bach. Mtu huyo alizaliwa mwaka 1890 huko Baden, karibu na Vienna, akafika Marekani mwaka 1914, na mwaka 1918 akaanza kutengeneza vipulizio mjini New York. Tromboni zake za kwanza zilitoka mwaka 1928. Mwaka 1953 kiwanda kilihamia Mount Vernon. Mwaka 1961 Bach aliiuza kampuni yake kwa Selmer, na katikati ya miaka ya 1960 kazi ikahamishiwa Elkhart, katika jimbo la Indiana. Basi tromboni yenye jina la Bach na neno Mount Vernon haikosi kuwa imetokana na kipindi kifupi, nacho ni kipindi ambacho wapigaji wengi hukithamini sana. Kampuni ya Conn nayo ilikuwa Elkhart kwa miaka mingi, hata ilipohamisha kazi ya ala za shaba mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kwa ala za Uingereza, mwaka wa kukumbukwa ni 1930, kwani ndipo kampuni ya Boosey na ile ya Hawkes zilipoungana. Tromboni iliyoandikwa Hawkes & Son peke yake kwa kawaida ni ya kabla ya muungano huo; iliyoandikwa Boosey & Hawkes ni ya baadaye. Alama ya mshale mpana iliyogongwa katika shaba huonyesha kwamba ala ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, na mara nyingi ya jeshi. Jina la nchi pia ni kalenda. Maneno Made in Czechoslovakia hayawezi kuwa ya kabla ya mwaka 1918, wakati nchi hiyo ilipoundwa, na nchi yenyewe ilikoma mwishoni mwa mwaka 1992. Kadhalika West Germany ni jina la kati ya mwaka 1949 na mwaka 1990.

Hata hivyo, jina lisiaminiwe peke yake. Viwanda vikubwa vya Marekani na vya Ulaya vilikuwa na desturi ya kutengeneza ala na kuziandika majina ya wenye maduka waliozinunua. Mwenye duka huenda hakupata kushika nyundo maishani mwake, lakini jina lake limechongwa kwa nakshi nzuri. Katika hali hiyo, umbo la ala ndilo litakalomtaja mtengenezaji wa kweli: namna vishikizo vya kati vilivyokatwa, umbo la pete kwenye maungio, na jinsi kitundu cha kutolea maji kilivyofungwa kwa springi. Kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake, kama kila fundi seremala alivyo na namna yake ya kuunga mlango.

Mitindo ya nchi pia hutofautiana. Tromboni ya Kijerumani ya mtindo wa zamani huwa na mdomo mpana sana, uliozungushiwa utepe wa madini ukingoni, na penye pinda huonekana vijoka vidogo vilivyolehemiwa kama pambo na kinga. Tromboni ya Kiingereza ya kabla ya miaka ya 1950 mara nyingi ni nyembamba, na tundu la mrija wake ni karibu milimita 12 tu. Ikiwa mrija wa kusukuma una mpini mrefu wa kushikia, basi hiyo ni besi ya sauti ya G waliyoipenda Waingereza: mirija yake yote ikinyooshwa hufika kama mita 3.3, na mkono wa binadamu hauwezi kufika mwisho bila mpini. Tromboni ya kawaida ni mita 2.7. Yenye vali nyuma, inayofunguliwa kwa kidole gumba, hufuata ubunifu wa Christian Friedrich Sattler wa Leipzig wa mwaka 1839. Na mdomo wa shaba nyekundu usio na mshono wowote huenda ukawa wa Conn, kampuni iliyopata ufundi wa kuujenga mdomo huo kwa umeme.

Utambuzi huu si wa kujifurahisha tu. Bendi ya kanisa inayotaka kuitumia ala hiyo tena itahitaji kipulizio, na shina la kipulizio huwa na ukubwa mbalimbali. Kinachoingia katika tromboni nyembamba kitapwaya katika ile yenye tundu la milimita 13.9. Tena kuna suala la sauti. Bendi za shaba za Uingereza ziliendelea hadi miaka ya 1960 kutumia sauti ya juu, ambamo noti ya A ilikuwa na mitetemo zaidi ya 452 kwa sekunde, badala ya 440 ya leo. Ala ya namna hiyo, isiporekebishwa, itakosana na wenzake kila Jumapili, na mpigaji atalaumiwa bure. Bomba la kusawazishia sauti huenda likahitaji kuvutwa karibu sentimita 4 ili kuleta mapatano. Ala nyingine za Marekani ziligongwa herufi HP kwa sauti ya juu, au LP kwa sauti ya chini.

Namba za mrija na za mdomo zilinganishwe pia pale zinapokuwapo zote mbili, kwani zisipopatana huenda tromboni mbili zimeunganishwa kuwa moja. Madoadoa mekundu katika shaba ya manjano yatazamwe kwa makini. Mara nyingi ni dalili kwamba madini yanaliwa kutoka ndani, na thamani hupungua.

Mambo hayo yote yaandikwe katika daftari moja: maneno, namba, upana wa mdomo kwa sentimita, tundu la mrija kwa milimita, na umbo la kila kishikizo. Iongezwe habari ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuitoa, yaani jina la mzee aliyeipiga, bendi yake na miaka yake, ikiulizwa sasa kwa wale wanaomkumbuka. Baada ya hapo familia iamue kwa hiari yake kuiuza, kuitoa kwa bendi au kuihifadhi. Atakayekuja na mizani mlangoni ataikuta ala yenye jina na kwao.