Mwisho wa Njia ya Ndege

Ajali isiyoua mtu husahauliwa upesi. Tarehe 18 Desemba, 2013, ndege kubwa ya Shirika la Ndege la Ethiopia, Boeing 767, iliyokuwa ikitazamiwa Kilimanjaro, ilitua katika kiwanja kidogo cha Arusha. Njia ya Kilimanjaro ina urefu wa mita 3,600. Ya Arusha wakati ule ilikuwa mita 1,620 tu. Ndege ikapita mwisho wa lami, ikakwama udongoni, na abiria wakashuka salama. Watu walikwenda kuitazama kama waendao Sabasaba, na habari zikaisha.

Sisi twaona hazikupasa kuisha, hasa kwa wakazi wa Tanga. Kiwanja chao kimejulikana miaka mingi kwa njia yake fupi, na mji umekisogelea. Sasa bomba la mafuta kutoka Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443, limeelekezwa Chongoleani, na bandari imepanuliwa. Ni wazi kwamba ndege kubwa zaidi zitatakiwa. Wasemao kuwa Tanga yatosheka na meli na reli wamemsahau mgonjwa wa Pangani.

Lakini kurefusha lami peke yake si dawa. Masika yanaponyesha, maji husimama juu ya njia, magurudumu yakateleza juu ya maji bila kushika chini, na rubani hodari akaishiwa na njia. Hapo kinachoamua uhai wa watu ni kile kilichoko baada ya lami. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zataka, kwa njia za urefu huo zitumiwazo na ndege ziongozwazo kwa vyombo, pawe na uwanda wa mita 60, kisha eneo la usalama lisilopungua mita 90. Na zapendekeza lifike mita 240. Eneo hilo halifai kujengwa nyumba. Basi mwenye kugawa viwanja vya kujenga hapo leo anamwuzia mwananchi hatari, na kesho serikali italazimika kumlipa fidia ili ahame. Walioko tayari wasisukumwe. Walipwe kwanza, na walipwe haki yao kamili.

Tena kuna askari wa zimamoto. Bukoba, tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu kabisa na kiwanja. Katika watu 43 walikufa 19, na wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kuokoa. Twawapa heshima wavuvi hao, ila hatuwezi kuwafanya kuwa ndiyo mpango wa uokoaji wa taifa. Tanga nayo ni mji wa bahari. Askari wake wanahitaji mashua, kamba na mazoezi ya majini, si gari la maji pekee.

Madiwani wa Tanga waitake Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ramani inayoonyesha mwisho wa njia pande zote, ibandikwe hadharani, kila mwenye nyumba aione kabla ya kununua tofali jingine.