Vitabu Vipya Vya Habari Zetu: Nakala Moja Kwa Mji Mzima?

Kila siku twasikia ya kwamba watu wetu hawapendi kusoma. Maneno haya yalisemwa tangu zama za Mwingereza, na leo yasemwa na weusi wenzetu waliovaa tai. Mimi nayakataa. Mwenye kuyaamini na aende katika maktaba ya umma, asiulize hadithi wala riwaya, aulize kitabu kipya juu ya maisha ya viongozi wetu au juu ya jinsi nchi hii ilivyojikomboa. Mara nyingi ataambiwa: kimeazimwa.

Nilikwenda mwenyewe katika maktaba moja, jina lake naliacha, kutaka kitabu cha marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, "Mzee Rukhsa", kilichotoka mwaka 2021. Mkutubi, kijana mwenye adabu, akanifunulia daftari. Nakala ni moja. Mbele yangu majina sita. "Andika na wewe, mzee wangu," akaniambia. Nikaandika. Pembeni alikuwapo mama mmoja muuza vitenge, naye akikingoja kitabu hicho hicho. Akacheka akasema yeye huja kila Jumamosi kukiulizia hali, kama mtu aulizaye hali ya mgonjwa.

Je, mama huyu hapendi kusoma? Yeye aliyaona maduka matupu ya miaka ya themanini, akaona na bidhaa zikirudi. Ataka kujua mtu aliyeshika madaraka toka 1985 hadi 1995 alifikiri nini siku zile. Ni haki yake, na mwenye kitabu aliandika kwa Kiswahili ili mama kama yule asome.

Lakini si vitabu vyote vilivyoandikwa hivyo. Mzee Benjamin Mkapa alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2019, miezi michache kabla hajafariki, nacho kilitoka kwa Kiingereza. Mwaka 2020 wataalamu wetu watatu, Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, walitoa juzuu tatu juu ya maisha ya Mwalimu Nyerere, kila mmoja akishika juzuu yake. Ni kazi kubwa, na haikuandikwa na mgeni aliyepita miezi miwili akarudi kwao kujiita bingwa wa Afrika. Kwa hilo nawapongeza kwa moyo wote. Nayo pia ilitoka kwa Kiingereza.

Nitajibiwa ya kwamba Kiingereza ndicho lugha ya vyuo na ya dunia. Haya. Na watu wa Butiama, je? Watu waliotoa senti zao kununua kadi za chama mwaka 1954 hawakuzitoa kwa Kiingereza. Kitabu cha Bwana Mohamed Said juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes kilichapwa kwanza London, kwa Kiingereza, mwaka 1998. Cha Kiswahili kilitoka Nairobi mwaka 2002. Habari za Gerezani na Kariakoo, za wazee ambao wajukuu wao tungali twasali nao na kuzikana nao, zikasomwa London miaka minne kabla hazijasomwa Kariakoo kwa lugha ya Kariakoo! Simlaumu mwandishi, maana bila yeye huenda tusingezipata kabisa. Nalaumu desturi yetu ya kuona kitabu cha maana lazima kizaliwe Kiingereza, kisha kikibahatika kifasiriwe.

Tukumbuke maktaba hizi zilijengwa kwa nini. Pale Nairobi jumba la McMillan lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kukaa humo asome. Baada ya vita ikaja ile ofisi ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa 1948, ikapeleka masanduku ya vitabu huku na huku. Nasi twashukuru kwa sanduku, lakini aliyechagua cha kutia ndani hakuwa sisi. Ndiyo maana Tanganyika huru haikukawia: mwaka 1963 ikatunga sheria ya maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kutimiza miaka sita ya uhuru, Mwalimu akaifungua Maktaba Kuu mjini Dar es Salaam. Hakuchagua siku ile kwa bahati tu. Miaka mitatu baadaye, 1970, ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wazee wakaketi madarasani na slate.

Sasa mzee aliyefundishwa kusoma asome nini? Sheria yamtaka mchapishaji apeleke nakala za kila kitabu Maktaba Kuu, lakini hizo ni za kuhifadhi kwa ajili ya taifa, si za kumtosha mtu wa Tunduru au Kasulu. Twataka fedha za vitabu zitengwe, na kitabu kipya juu ya nchi hii kinunuliwe nakala nyingi, kipelekwe mikoani mwaka ule ule kitokapo, si kikishachakaa mjini. Na kitabu cha Kiingereza chenye habari zetu Serikali ilipie kufasiriwa. Fedha za semina na chai zapatikana; hizi nazo zitapatikana.

Nasi wananchi tuna makosa yetu, nisiyafiche. Yuko mtu aazimaye kitabu akakirithisha watoto. Yuko achanaye picha ya babu yake akaitia kwenye fremu ukutani. Nilimwona mmoja, na hakuona haya hata kidogo. Na wengi wetu tukiambiwa kitabu hakipo twaondoka kimya, wala hatuombi kiandikwe katika orodha ya vitabu vya kununuliwa. Mkutubi atajuaje kuna njaa ikiwa wenye njaa wapita mlangoni wamenyamaza?

Jumamosi iliyopita nilirudi kule. Yule mama ameshakipata, yuko kurasa za katikati, na ameniahidi kukirudisha kabla ya siku zake kwisha. Mbele yangu yamebaki majina manne.